Asubuhi ya Kete

Umeme ulikatika saa mbili usiku, Mandalay, mtaa wa nyuma.
Thiri Nandar akabaki na betri ya gari
aliyoazima kwa fundi wa matairi,
ikiilisha kompyuta kidogo kidogo
kama mgonjwa anayenyweshwa uji.

Katika sataranji ya Kiburma hakuna aliyepangiwa.
Askari tu ndio huanza wamesimama.
Mfalme, tembo, farasi, magari ya vita
wangali kiganjani, bado ni wazo.
Unawapanda utakavyo, ndipo vita.

Hilo mashine haikulijua.
Ilisomea sataranji ya Wazungu,
kitabu cha hatua za mwanzo, kurasa elfu arobaini,
na hapa ukurasa haukuwepo hata mmoja.
Ikawa kila mara inaweka magari kona,
moja huku, moja kule,
kama mgeni asiyejua vyombo hukaa kabati lipi.
Hatua ya thelathini ilikuwa hatari, kweli,
lakini nani hufika ya thelathini
na mguu mmoja umo shimoni?

Ko Htun Lwin, fundi mwenyewe,
aliifunga mara kumi na moja, vidole vina grisi,
mfalme wake kando, nyuma ya tembo wawili.

Nyota njema huonekana asubuhi, twasema.
Umfundishe nini asiye na asubuhi?

Thiri akaandika sheria: gari lisikae kona.
Ikatii. Ikafungwa kwa namna mpya.
Akafuta sheria. Akafuta na kitabu.
Akaiacha ijipange kwa bahati nasibu, icheze na nafsi yake,
michezo laki mbili,
iandike kila mpango uliokufa, na ulifia wapi.
Wiki tatu feni ikinguruma;
mama mkwe akauliza kama wameanza kusaga mchele.

Jumapili ikaweka tembo.
Ikaweka tembo wa pili.
Ikanyamaza dakika nne, betri ikishuka,
kisha mfalme: kando, nyuma yao.

Mchezo wa fundi haikuwahi kuonyeshwa.
“Nani kakwambia?” akauliza,
akiiuliza mashine, si Thiri.
Akamshika mfalme wake, akamzungusha,
akamweka katikati, alipokuwa hajawahi kumweka,
na kabla askari wa kwanza hajasogea
kioo kikawa cheusi.

Ko Htun Lwin alitoka mbio
kwenda kung’oa betri ya teksi ya mteja.
Viatu alivisahau mlangoni.