Rasimu ya Pili

Paisley, saa tatu usiku, mvua inachapa kioo cha maktaba.
Kwenye tasnifu yangu ya uzamili
Profesa Abernethy ameandika kwa kalamu ya risasi:
Mwanafunzi yuko wapi humu?

Nimetaja nadharia kumi na nne.
Nimetia hata methali, akili ni nywele.
Eilidh sijamtaja,
Eilidh anayehesabia vifungo vya koti,
anafika sita, anarudi moja,
kwa kuwa cha saba kilikatika Novemba.

Mwaka mzima namwekea mkasi mwekundu
wala sikulitazama koti.

Nafuta kurasa tisa.
Kesho nitabeba sindano, uzi,
na kifungo. La, vifungo vitatu,
achague mwenyewe.

Kuwasilisha ni Ijumaa.
Naanza:
Koti lake ni la buluu, limerithiwa.