Pointi za Orrin

Elfu themanini na nne.
Ndiyo hesabu uliyoniachia, Orrin,
pamoja na mashine ya theluji isiyowaka
na soksi moja ya kijani nyuma ya kikaushio.

Si nyumba, si kiwanja. Haishikiki, haipakiki rangi.
Tulikwenda Branson kwa kifungua kinywa cha bure
na tiketi mbili za mazingaombwe;
saa tano baadaye, mbele ya kijana wa tai ya zambarau
mwenye meno mengi kuliko mdomo,
ukatia sahihi.
"Verna, tutazeeka tukitazama ziwa."
Ziwa tunalo hapa hapa Duluth, nikakwambia,
halina ng'ambo inayoonekana.
Ukacheka. Wakakuachia ile kalamu.

Tulizeeka mara sita. Nimehesabu.
Mara sita katika miaka kumi na tisa,
na mwaka wa goti lako hatukwenda,
na mwaka wa goti la pili,
na ule mwaka ambao sitausema.

Ada ya matunzo haikukosa hata mwaka mmoja.
Huja Januari kama jino linalojua tarehe:
dola elfu moja mia moja arobaini na mbili,
kutunza zulia nisilolikanyaga.

Nikapiga simu. Binti akauliza, "Bwana Halvorsen yupo?"
Hayupo.
"Atarudi lini?"
Nikamwambia, binti yangu, andika tu kwamba nimepiga mimi.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Nikachukua daftari lako la uvuvi,
nikageuza ukurasa baada ya samaki wako wa mwisho
(ratili mbili na robo; ulisema tatu)
nikapiga mstari katikati.
Huku, pointi. Huku, fedha.
Nikajifunza kwamba wiki ya Julai inakula elfu sabini na tisa,
kwamba Novemba ni rahisi kwa sababu hakuna anayeitaka,
kwamba pointi hazizikwi wala hazirithiwi kwa wakati:
usiku wa Desemba thelathini na moja zinakufa zote,
bila mchungaji, bila keki ya baada ya mazishi.

Akapatikana Tou Vang wa St. Paul, fundi wa mapaa.
Mke, watoto watatu, na bibi asiyepanda ngazi.
Hakuuliza bei kwanza. Aliuliza,
"Jikoni kuna sufuria ya kutosha wali wa watu sita?"
Ipo, nikasema. Lakini beba kisu.
Visu vyao havikati hata siagi.
Mume wangu alibeba chake.

Kibali cha mgeni ni dola tisini na tisa.
Pana nafasi moja tu ya jina.
Jina lako lilikuwa limekaa humo, limejiandika lenyewe;
nikalifuta herufi moja moja, kutoka nyuma,
n, i, r, r,
nikasimama kwenye O
nikaenda kuchemsha kahawa.
Kisha nikaandika Tou.

Walinitumia picha. Bibi yupo barazani
amejifunika blanketi lile lile la mistari,
ziwa nyuma yake, mguu mmoja juu ya kiti chako.
Sikukasirika. Nilidhani ningekasirika.

Zimebaki elfu tano, Orrin.
Hazitoshi hata Jumatatu ya Novemba.
Kwa hiyo leo nimekesha nazo, kama mtu anayekesha na mgonjwa,
gauni la kulalia, kompyuta juu ya meza ya jikoni,
jirani anarusha fataki zilizolowa.

Saa sita kamili: sifuri.

Nikavuta pumzi.
Skrini ikapepesa, ikarudi:
elfu themanini na nne.
Heri ya mwaka mpya, mmiliki wetu mpendwa Orrin.
Bili yako iko tayari.

Nimefungua daftari.
Nimetafuta kalamu, nikaipata ile ya Branson.
Bado inaandika, mwanaharamu yule.