Mgonjwa wa Jumanne

Kila Jumanne, saa tatu asubuhi, naugua.
Karatasi yangu yasema: mwanamume, miaka sitini na tisa,
maumivu ya tumbo, saba kwa kumi,
mgane, mkaidi, hapendi kuulizwa habari za choo.
Ugane ni wangu. Mengine nalipwa.

Chuo cha uuguzi, Debrecen, ghorofa ya pili:
kitanda cha magurudumu, pazia la kijani,
nyuma ya kioo Mwalimu Vilma na kalamu nyekundu.
Miaka arobaini nilikaza nyuzi za piano za watu;
sasa watu wanajifunza kunikaza mimi.

Huingia mmoja mmoja, sare zina mikunjo ya dukani.
Mmoja alisahau jina lake mwenyewe.
Mwingine aliongea na chati, mimi nikiwa pembeni.
Gergő alinifunika shuka hadi usoni.
"Bado," nikamwambia, "bado sijafa,"
tukacheka hadi kitanda kikasogea.
Mwalimu Vilma hakucheka.

Najua kuugulia chini kwa chini, kama waya mzito uliochoka.
Najua mkono unaoniogopa,
na mkono unaonihesabu kama chenji.

Februari, theluji ikigeuka tope dirishani,
akaja Borbála, wa zamu ya usiku kwenye duka la mikate,
unga bado kwenye kucha. (Vilma akaandika.)
Akanawa. Akapuliza viganja vipate joto.
Akanishika kifundo cha mkono.

Wenzake huhesabu nusu dakika, huzidisha mara mbili,
huandika sabini na mbili, kwa kuwa karatasi inasema sabini na mbili.
Yeye dakika nzima. Kisha nyingine.
Kimya kikarefuka hata nikasahau kuugua.

"Samahani," akasema, akitazama kioo,
"pigo la tano halipo. Kisha mawili yanakimbizana."
Kipaza sauti kikakoroma: "Hilo halimo kwenye zoezi."
"Ndiyo, Mwalimu. Halimo.
Lakini limo hapa."

Mimi niliyeusikia waya uliolegea kwa unywele
ukumbi mzima ukipiga makofi,
wangu sikuwahi kuusikia.

Nililazwa siku nne, hospitali ya kweli,
pazia lilelile la kijani.
Muuguzi akauliza, "Unajisikiaje?"
Nikapapasa chini ya mto, natafuta karatasi.

"Naogopa," nikasema,
vibaya, bila mazoezi.