Namba Kumi na Saba

Kamati ya kijiji imeniomba ukurasa mmoja,
historia ya mpaka, kabla ya Ijumaa,
maana wapimaji wanarudi Ilindimo na vigingi vipya
na wilaya inauliza sisi ni wa nani.

Somo hilo nimelifundisha miaka thelathini na mmoja.
Niliandika ubaoni, chaki ikilia:
*Mwaka 1947 Ilindimo ILIJITENGA na utemi wa mashariki.*
Ng'ambo ya korongo mwalimu Mnyambwa,
kwa chaki ya bohari ileile, aliandika:
*Mwaka 1947 Ilindimo ILITENGWA nasi, ikamezwa.*
Watoto wakapasuana vichwa kisimani
kwa ajili ya -ji- na -w-.

Juzi nilikwenda Dodoma mjini, nikaomba jalada.
Lilinuka panya. Uzi wake ulikatika nikiwa sijaufungua.
"Sisi watu wa Ilindimo, kwa hiari yetu wenyewe,"
na chini, kwa wino wa zambarau,
majina arobaini na moja, madole arobaini na moja.

Niliinama. Nikafuta miwani. Nikainama tena.
Dole la kwanza lina kovu, mshazari, toka ukucha hadi kifundo.
La pili lina kovu.
La tisa.
La arobaini na moja, wino ukiwa umekwisha,
limebaki kovu tupu.

Kovu hilo nalijua.
Lilinifinya sikio siku niliyokojoa ghalani, juu ya uwele.
Ni shoka la mwaka sijui gani, ni babu yangu Chedego.

Shangazi Damari alicheka hadi ungo ukamtoka mkononi.
"Ulitaka nani atie dole? Wanaume wako Kongwa,
wanang'oa visiki vya karanga za Wazungu.
Sisi tuko mtoni tunafukua maji mchangani.
Karani kaja na baiskeli, hataki kulala kwetu, anaogopa kupe."

Lakini watu walitaka?

"Kutaka nini?"

Kujitenga.

Akaokota choroko moja moja.
"Mashariki walitoza kila kichwa. Magharibi, kila mkia.
Njaa ilituachia vichwa tisa na mikia miwili.
Hesabu hiyo hata wewe mwalimu unaiweza."

Na kina Mnyambwa?

Hapo alinyamaza. Kuku alidonoa unguoni, hakumfukuza.
"Wale walikuwa na sitini.
Walihama usiku, mbalamwezi, kengele za ng'ombe wamezisokota majani.
Mama yao walimwacha kaburini, upande huu.
Nilikuwa nachunga mbuzi. Asubuhi nikakuta kwato tu."

Namba kumi na saba ni jina la babu yake Mnyambwa.
Herufi za karani, nzuri, za mviringo.
Dole si lake.

Leo ni Alhamisi. Karatasi iko mezani, nimeiwekea jiwe.
Nimekwangua -ji-. Nimekwangua -w-.
Limebaki *tenga*,
na tenga nalijua: hubeba kuku, halibebi maji.

Kamati itangoja.
Kesho navuka korongo na nakala mfukoni.
Mnyambwa macho yamemwishia, haoni hata ugali wake,
itabidi nimsomee mwenyewe, kwa sauti,
nimshike kidole nikipitishe hapo penye kovu,
dole la babu yangu
juu ya jina la babu yake.