Cheni Ninazozijua

Mpwapwa, saa tatu asubuhi, Oktoba,
na jua limeshakaa juu ya mabati
kama mgeni aliyekuja na godoro lake.
Tuko sitini na mmoja kwenye mstari wa chokaa.
Namba yangu ni hamsini na nane,
imeshikwa mgongoni kwa pini nne za nepi ya mwanangu.

Mimi ni fundi. Msiniulize mbio, niulizeni spoki.
Nusu ya baiskeli hizi zimewahi kupinduliwa, magurudumu juu,
kwenye kibanda changu nyuma ya mashine ya kusaga,
nikazinyoosha rimu kama mama anavyomnyoosha mtoto viungo.

Firimbi.

Kilomita nne za kwanza ni tambarare
na vumbi la watu wengine.
Halafu barabara inainua kichwa.
Wanasema milima haikutani.
Kiboriani umetoka nje kunipokea,
umetandika kokoto, ukanyamaza.

Gia niliyonayo ni moja: paja la kulia.
Ya akiba: paja la kushoto.

Hapo ndipo wanapoanza kunipita
na sihitaji kugeuka. Nasikia.
Inayolia kri-kri ni ya Mwalimu Senyagwa,
nilimwambia atie grisi, akatia mafuta ya kula.
Inayokohoa kila mzunguko wa tatu ni ya Nyendo, muuza maziwa;
leo hana madumu, kwa hiyo anapaa.
Na hii, laini, isiyo na neno,
hii ni cheni mpya niliyoifunga kwa mkopo.
Ndahani. Elfu nane. Tangu Kwaresima.
"Mbukwa, fundi!" anasema,
na ananipita kwa fedha zangu mwenyewe.

Saa tano. Migunga imekunja vivuli vyake ikavikalia.
Usukani unaunguza kama mpini wa kikaango.
Chumvi imechora ramani kwenye fulana yangu,
naiona wilaya nzima, na mito yote imekauka.
Kona ya saba kuna mama na beseni la barafu za ubuyu.
Moja nainyonya. Moja naitia ndani ya kofia,
inashuka taratibu hadi shingoni, nyekundu, tamu,
na nzi wananifuata kama mashabiki.

Wapo wanaosukuma.
Yupo aliyelala mtaroni,
kijana wa kuchunga mbuzi anampepea kwa daftari la shule.

Miguu inakataa. Naitafutia maneno ya kukanyagia:
dawa
ya deni
ni kulipa,
dawa
ya deni
ni kulipa.
Mwanzoni yalikuwa na hasira.
Kufika kona ya kumi na moja yamebaki hesabu tu,
kulia, kushoto, kulia.

Juu, miombo. Upepo wa kwanza unanigusa sikio
kama mtu aliyekuja kuniambia siri, akasahau.

Na pale, kabla ya kona ya mwisho, Ndahani kachuchumaa,
tairi la nyuma limelala kama chapati.
Hanitazami usoni.
"Fundi, una pampu?"

Ninayo. Imefungwa kwenye fremu kwa mpira wa tyubu,
kilo nzima niliyoipandisha mlima huu
bila kujua ninampandishia nani.
Nashuka; magoti yanalia kuliko cheni ya Mwalimu.
Mwiba wa mgunga, urefu wa kidole cha mtoto.
Kiraka. Gundi inakauka haraka, jua hili lina faida moja.
Wanatupita wawili, kisha watatu, kisha naacha kuhesabu.

"Elfu nane na mia tano," namwambia, nikipiga pampu.
"Elfu tisa," anasema. "Jumamosi."
"Jumamosi ipi?"
Anacheka mpaka anakohoa vumbi.

Tukapanda.
Mita mia tatu zilizobaki sikusikia kitu kingine,
ila cheni yake nyuma yangu kidogo,
laini, isiyo na neno.
Kazi nzuri ile, nikisema mwenyewe.