Ngata

Mama alisokota ngata kwa majani makavu ya mgomba
alfajiri, ncha moja kaing'ata,
akitoa amri kwa upande wa mdomo uliobaki:
mbuzi asikatiwe majani yenye umande,
mtoto aachwe alale.
Kisha mkungu kichwani, na shingo
ikanyooka kama ya mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili.

Kutoka Kidia hadi sokoni Kiboriloni
hatukujua kilomita.
Tulijua kwa Ndeshau, ambako mbwa alibwekea hata kivuli chake,
tulijua mfereji wa juu, wa kunywa,
na mfereji wa chini, wa kunawa miguu
ili mji usituone na matope yetu.
Mama aliuza, akanunua chumvi na mafuta ya taa,
akarudi jioni na habari:
nani kaposwa, nani kalazwa Mawenzi,
treni ya Dar imechelewa tena.
Siku nzima iliishia njiani,
wala hakuna aliyesema imepotea.

Nilipoolewa ilikuja Land Rover ya mzee Kitali,
Jumanne na Ijumaa tu,
mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani.
Mama hakuipanda.
Alisema tumbo lake limezoea kufika pamoja na miguu.
Siku moja nilimpita pale kwa Ndeshau, nikampungia mkono.
Vumbi langu likamwangukia yeye na ndizi zake.
Akafika, akazifuta moja moja kwa khanga,
asiseme neno.

Lami ilipanda mlima baada ya yeye kushuka kaburini.
Siku hizi ni dakika ishirini, shilingi elfu mbili,
na unashuka bado unakumbuka ulichokuwa unakiwaza nyumbani.

Nyumba nayo ilisafiri.
Mafiga yalitoka nje, kuku wakayarithi.
Nsia alituma vigae kutoka Dodoma,
vyeupe, vya kuteleza, vya kumwogopesha mgeni,
halafu mtungi wa gesi.
Mtungi ukawa unakwaruza vigae.
Ndipo nikapanda darini,
nikaishusha ngata ya mwisho aliyosokota mama,
nyeusi kwa moshi wa miaka,
nikaiweka chini ya mtungi.

Zamani moshi ulisema: kwa fulani kunapikwa, pitia.
Gesi haisemi kitu.
Jirani yangu hupiga simu kwanza kuuliza kama nipo,
nami namwona uani kwake, simu sikioni,
ananitazama.

Aprili hii, mvua ya siku tano,
Godlisten akapiga: Bibi, nipo njiapanda na mtungi wako,
pikipiki haipandi, labda kesho.
Kesho! Na chai?
Nikaichukua ngata nikashuka.
Akacheka, akasaidia kunitwisha, akatoa simu anipige picha.
Shingo ilinyooka kabla sijaiambia.
Sitadanganya, magoti yalilalamika,
na kifuani palipiga kama mtu anayetwanga kwa hasira.
Lakini nilipanda.
Nikafika kwenye mfereji wa chini,
ambao sasa ni bomba lililofukiwa,
nikasimama, mguu mmoja juu,
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Kabla sijafungua mlango Nsia alishaniona kwenye simu.
Mama, unanitia aibu, kwani hela ya kibarua sikutuma?
Ulituma, mwanangu. Ilifika.
Nikataka kumweleza habari ya mguu ule,
akasema ana kikao.

Nikairudisha ngata mahali pake, mtungi juu yake.
Maji yalichemka upesi, hata sijamaliza kufuta matope.
Nikakaa na kikombe changu,
bado ni saa nne asubuhi,
siku nzima iko mbele yangu imelala chali,
na kichwani nina habari mbichi kutoka njiani
ambayo hakuna mtoto aliyekaa kizingitini kuingoja.