Gunia Lina Uzito Gani

Likapa aliponiachia kazi aliniachia kopo la maziwa ya unga
lililojaa vipande vya waya wa lehemu,
bisibisi isiyo na mpini,
na sanduku la bati lililofungwa khanga ya mkewe:
mashine ya kuandikia chipu.
"Hii usiiuze," alisema. Hakusema kwa nini.

Miaka saba ilikaa juu ya kabati, ikila vumbi jekundu la Newala,
mpaka Oktoba hii mizani ya chama cha msingi
ilipoamka ikasema 8888
na kukataa kusema lingine.

Magunia yamepangwa hadi mlangoni.
Karani Nandonde anapiga simu: "Mnada Ijumaa, Somoe."
Mizani pacha yake, ile ya ghala la pili, ni nzima.
Basi dawa naijua: soma chipu ya mzima, nakili, mpe mgonjwa.
Kusema.

Mashine inaomba bandari yenye pini ishirini na tano.
Laptopu yangu ina matundu mawili bapa,
na bandari pekee ninayoijua
iko Mtwara mjini, inapakia korosho.

Nikanunua kiunganishi. Kumbe kinajua printa tu;
kila nilichokiambia kilikitafutia karatasi.
Nikaazima kompyuta ya mezani ya sekondari,
nikachomeka kadi niliyoing'oa katika maiti ya kompyuta ya benki,
na programu ya Likapa ikafumbua jicho la buluu
kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane,
ikauliza tarehe.

Ikasoma. Ikaandika. Ikakosea.
Ikaandika. Ikakosea.
Usiku wa tatu nikaelewa:
hii hungoja kwa kuhesabu.
Moja hadi elfu hamsini, ndipo iachie umeme.
Kompyuta za zamani zilihesabu kama mtoto anayepanda ngazi;
hii humaliza kabla sijapepesa,
na chipu haijahisi kitu.
Nikaongeza sifuri. Nikaongeza nyingine.
Nikakesha nikiifunza kompyuta kusubiri.

Ndipo, nikilinganisha namba mstari kwa mstari,
nikaona, pale panapokaa uzito wa gunia tupu:
02.

Gunia nimelipima. Nimelipima dukani kwa Asumini,
kavu, kisha lililolala nje kwenye umande.
Kilo moja. Moja na kidogo.
Kwa hiyo kila gunia, kila msimu,
kilo ya mtu ilishukia njiani,
na mama alisimama kwenye foleni ile ile
mimi nikiwa mgongoni.

Chini kabisa, baada ya FF FF FF nyingi
kama pumzi za mtu aliyelala,
herufi: LIKAPA NWL 94.

Sijui kama aliamriwa. Sijui kama alilipwa.
Najua alinifundisha kushika waya kwa mkono mmoja,
mwingine mfukoni,
ili umeme usipate njia ya kupitia moyoni.

Nikafuta mbili, nikaweka moja.
Mizani ikagoma: jumla haikubali.
Uongo nao ulikuwa umejumlishwa humo,
umewekewa mlinzi.
Ilinibidi nisahihishe na jumla.

Ijumaa, gunia la kwanza, la Bi Esha Mkuti:
themanini na moja.
Nandonde akaligusa gunia kwa kiatu,
akanitazama mimi, akaitazama kalamu,
akaandika themanini na moja.
Bi Esha akauliza tu kama malipo yatachelewa tena.

Chipu iliyokufa nimeibandua karatasi mgongoni.
Ina kidirisha cha kioo, kidogo kama ukucha wa mtoto.
Nimeiweka juu ya bati, iangalie jua;
jua hufuta, ila halina haraka.
Bado kuna ghala la pili.
Nimeshaomba funguo.
Nandonde anasema anazitafuta.